Mapumziko Yaliyonivunjia Saluni

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua niliwaacha mlangoni, begi mkononi, mama mkwe akinitakia safari njema kwa sauti ya mtu anayefukuza mbuzi shambani.

Kwa waliochelewa, nafupisha. Mimi ni msusi. Wateja wananiita Mama Redio, na sijawahi kulikataa jina hilo. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba ya ukoo wa mume wangu. Mama mkwe anakitaka chumba hicho ili wifi yangu, bintiye, akodishe humo magauni ya harusi. Wifi mwenyewe hajawahi kuamka kabla jua halijafika utosini, lakini eti atafungua duka.

Mume wangu ni fundi wa majokofu. Mtaani wanamwita Baridi, na wala si kwa sababu ya kazi peke yake. Mimi na mamake tulipopambana, yeye aliingiza kichwa nyuma ya jokofu la mteja akakaa humo mpaka tukachoka wenyewe. Alipotoka akasema, bila kunitazama, kwamba tajiri wake amempa likizo. Twende baharini tukapumzike. Wawili tu.

Nikamwachia saluni msaidizi wangu, tunamwita Vidole, nikaenda.

Sasa, nani aliyewadanganya watu kwamba kupumzika ni raha?

Ukifika tu hotelini unafungwa utepe wa plastiki mkononi kama kitoto kichanga kisije kikabadilishwa wodini. Unapewa taulo. Unalazwa kwenye kitanda cha mbao chini ya mwavuli wa makuti, umeelekezwa majini. Maji yanakuja, yanarudi. Unasubiri yafanye jambo lingine, hayafanyi. Ukitaka kumwambia mtu "umeona?", hakuna wa kumwambia, wote wamelala kifudifudi kama samaki walioanikwa. Nilimsalimia mwanamke wa kitanda cha jirani. Akainua miwani, akanitazama kana kwamba nimeingia bafuni kwake, akaishusha.

Na simu sina. Baridi alizifungia simu zetu kwenye kasha la chuma lililoko kabatini, namba za kulifungulia akabaki nazo yeye. Eti mapumziko hayataki simu. Mwanamume asiyekumbuka hata siku niliyozaliwa, safari hii akakumbuka namba za kasha.

Nilimwomba tuongee basi sisi kwa sisi. Akaniambia kiyoyozi cha chumba chetu kinavuja gesi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo.

Mimi nimezoea nyumba iliyojaa. Kwangu mmoja anaoshwa kichwa, mwingine yuko chini ya draya, wengine wanasubiri zamu, na wapo ambao hata kusuka hawasuki, wamekuja kusikia. Ukinitoa hapo ukanilaza mbele ya maji, umenifunga jela.

Kwa hiyo msinilaumu kwa yaliyofuata. Au nilaumuni, lakini sikilizeni kwanza.

Asubuhi ya pili, wakati wa kifungua kinywa, sauti ya mama mmoja ikaniita kutoka meza ya pembeni. Akasema meza yetu ina jua, tusogee kwao. Alikuwa mama wa makamo ya juu, mtandio wa zambarau, macho machangamfu. Pembeni yake mzee mwenye kofia ya kufuma, kimya, mkono mmoja nyuma ya sikio. Nilivuta kiti kabla hajamaliza kukaribisha. Baridi akakohoa kama aliyepaliwa na mfupa, na chai aliyokuwa akinywa haina mfupa.

Mwanamke yule alijua kuuliza. Mwajua watu wa aina hiyo: hasemi lake, anakupa tu "enhe?" kwa wakati wake, na wewe unafunguka kama mfuko wa unga uliotoboka. Siku ile nilimweleza kazi yangu. Iliyofuata nikamweleza ndoa yangu. Ilipofika ya tatu tukaingia kwa wakwe, na hapo sikuacha kitu.

Nilimweleza jinsi mama mkwe akianza kunisema mbele ya wateja ninavyowasha draya zote kwa pamoja, ananiona nimetabasamu, nami namwona midomo yake inacheza tu bila sauti, kama televisheni iliyozimwa sauti. Nilimweleza kuhusu wageni wake. Akitarajia wageni wa heshima, mimi nawahamishia wateja wangu sebuleni wakae na rola zao kichwani, na magazeti, na hakuna atakayeinuka mpaka nywele zikauke. Wageni hunywa chai wamesimama. Nilimweleza kwamba maji ya kuoshea vichwa nayavuta kwenye tangi lake mama mkwe, ndiyo maana kila mara analalamika kwamba tangi limepasuka na haoni ufa.

Mama Mtandio akacheka mpaka akaegemea ukuta. Chini ya meza Baridi akanipiga teke.

Nikafikiri bahari imeanza kumfanyia kazi. Nikamrudishia, taratibu, kwa kidole gumba cha mguu.

Nikachangamka zaidi. Nikamwambia bado sijamfikia mkubwa wao. Mama mkwe ana kaka yake, mjomba wa mume wangu, anayeishi nchi za mbali tangu Baridi hajaota ndevu. Sijawahi kumwona, namjua kwa picha moja ya ujana iliyoko ukutani, shavu kama andazi. Nyumba ile hakuna anayepigilia msumari bila neno lake. Na neno lake huja kwa ujumbe wa sauti, ukoo mzima unaitwa kusikiliza, wengine wanavaa vizuri kabisa.

"Anaongeaje?" Mama Mtandio akauliza.

Hilo swali angeniuliza adui yangu ningemjibu. Nikasimama, nikashika ukingo wa meza, nikaingiza kidevu shingoni mpaka kikawa viwili. "Sikilizeni, ninyi mliobaki huko." Nikamweleza kwamba hivyo ndivyo anavyoanza hata anapouliza kama mvua imenyesha. Nikamwigiza akikohoa. Nikamwigiza akisahau jina la dada yake. Mama Mtandio akafunika uso kwa kitambaa cha meza, mabega yanatikisika. Wahudumu waliokuwa wanapanga vikombe wakasimama kutazama.

Mzee akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

Nilimwonea huruma. Nikauliza kama masikio yake ni mazima.

"Anasikia anapotaka," mkewe akajibu.

Chumbani Baridi aliniambia nipunguze maneno. Nikamuuliza nipunguze yapi, ya leo au ya tangu anioe, maana anarudia lilelile. Akaingia bafuni akafungua bomba. Siku zote mwanamume huyo akishindwa hoja anatafuta kitu cha kufungua au kufunga.

Sasa hii ndiyo siku yenyewe ninayotaka kuwapeleka.

Siku mbili baada ya hapo, mchana, nilikwenda mapokezi kuomba taulo kavu. Mbele yangu alikuwepo dada mmoja aliyefika muda huohuo, begi la magurudumu pembeni, anajaza fomu ya wageni. Nikamwangalia kisogo. Mimi mtu simtazami uso kwanza, namtazama nywele.

Kila msusi ana mkono wake kama ulivyo mwandiko. Vidole, msaidizi wangu, huanzia mbele ya sikio la kushoto. Njia anazigawa nyembamba, zimelala kidogo, na kila msuko anaufunga mwishoni kwa fundo dogo ambalo nimemkataza na hakomi. Kile kichwa kilikuwa cha Vidole. Ningekitambua hata sokoni kwenye umati.

Lakini kuanzia paji la uso mpaka utosini kazi ilikuwa safi. Kuanzia utosini kwenda kisogoni njia zilikuwa zimepinda, msuko mmoja mnene kama mkanda wa begi, unaofuata ni uzi. Na mafundo yalikuwepo vilevile. Kwa hiyo hakubadilishwa msusi. Mikono ni ileile, ila katikati ya kichwa kuna jambo limeipata.

"Dada yangu, samahani. Nywele hizi umesuka wapi?"

Akajishika kichwa. "Kwani zimeharibika?"

"Nusu."

Akacheka kwa uchungu, akasema alijua tu. Akanitajia mtaa wangu. Akanitajia saluni ya Mama Redio, bila kujua anamwambia nani. Alikaa jana pale, akaanza kusukwa vizuri kabisa, mara mafundi wakaingia na nyundo kubwa wakasema wametumwa kuvunja ukuta. Wakamhamishia uani akamaliziwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, vumbi linamwagika, msusi anachana huku analia. Vioo viliegemezwa kwenye banda la kuku. Kuku mmoja, akasema, alikuwa akipigana na mwenzake wa kwenye kioo.

"Mwenye saluni hakuwepo?" nikauliza. Sauti yangu mwenyewe niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Nilimuuliza msusi hivyohivyo. Akasema mwenyewe yuko baharini anakula raha."

Taulo nililiacha palepale.

Jamani, miaka yangu yote imo kwenye chumba kile. Viti vile nilivinunua kimoja kimoja, na wateja wale niliwapata kichwa kwa kichwa. Mwanamke akija kwangu ameachwa ananiambia mimi kabla ya mamake. Ukivunja ule ukuta hujavunja matofali. Umenirudisha kuwa mke wa fundi wa majokofu, nipike, nioshe, nisubiri usiku nisikie habari za gesi.

Nilimkuta Baridi chini ya mwavuli, taulo usoni. Nikalivuta.

"Fungua kasha. Nataka simu yangu."

"Kuna nini?"

"Wanavunja saluni yangu, na wewe ulijua."

Ningemsamehe kama angekasirika. Hakukasirika, wala hakushangaa. Aligeuza shingo taratibu akatazama mwavuli wa jirani, kama mwanafunzi anayemwangalia mwalimu kabla ya kujibu. Nami nikatazama huko. Mama Mtandio alikuwa ameketi wima. Mzee ameshikilia kofia magotini.

"Yule ni mjomba," Baridi akasema.

"Mjomba wa nani?"

"Wetu. Mjomba."

Bahari ikaja, ikarudi.

Yakamtoka basi, yote kwa pamoja, mtu ambaye nimemwomba maneno ndoa nzima. Hakuna tajiri aliyempa likizo. Yeye mwenyewe ndiye aliyempigia mjomba wake kumsihi aamue habari ya chumba cha mbele, kwa sababu mamake angemshinda na mimi ningemshinda. Mjomba na mkewe walikuwa wanarudi nyumbani moja kwa moja. Akakubali, kwa sharti: anione nikiwa mimi, bila adabu za kujipaka. Baridi akinidokeza tu, chumba ni cha wifi siku hiyohiyo. Ndiyo maana ya kasha la simu. Aliogopa ukoo usije ukaniambia kwamba mjomba anarudi.

"Nilijua ukikaa naye atakupenda," akasema. "Kila mtu anakupenda. Sikujua utamwigiza."

"Ungenizuia."

"Nilikupiga teke."

"Mara moja."

"Kila asubuhi. Nilikupiga teke kila asubuhi."

"Nilidhani ni mahaba," nikamwambia, na ndiyo ukweli wenyewe. Tazama basi mwanaume niliyenaye: akinipenda na akinionya anatumia mguu uleule.

Mzee alikuwa ameshasimama. Alikuja polepole mchangani, viatu vimejaa, akaketi kwenye kitanda changu mwenyewe. Kwa mara ya kwanza nikamsikia anaongea, na jamani, nilikuwa nimempatia. Sauti ndiyo ileile, imekaa puani.

"Kidevu nacho siingizi hivyo," akasema.

Sikuwa na pa kuweka uso. Nikamwamkia kwa heshima zote nilizosahau tangu siku ya kwanza, nikaanza kusema mjomba nisamehe, yale yalikuwa mazungumzo ya meza tu. Akaninyamazisha kwa kofia.

Akasema hana kinyongo. Kuhusu sauti yake alishaambiwa na watu wengine, ila hawakumwigiza vizuri kama mimi. Kuhusu tangi na draya, dada yake huyo alimsumbua tangu utotoni na amefurahi kuona amepata kiboko yake. Nikapumua. Mnaona? Nilipumua kabisa, nikaanza hata kumpanga: huyu nitamkata ndevu bure maisha yangu yote.

"Sasa ukuta unavunjwa kwa nini, mjomba?"

Akamtazama mkewe. Mama Mtandio akanishika mkono. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na mimi, mjinga, nikamwonea huruma.

Kule walikokuwa, akasema, jirani akitaka kukuambia jambo anabandika karatasi mlangoni. Ameishi hivyo mpaka nywele zimemgeuka. Walirudi wakiwa na mpango wa kujenga nyumba ndogo nje ya mji, yenye utulivu. Lakini tangu asubuhi ile ya tangi na draya amemwambia mumewe hataki utulivu tena. Anataka kuzeekea pale nilipo mimi. Chumba cha mbele, watu wanapita, wanaingia, wanacheka. Ukuta ukivunjwa kitaunganishwa na stoo kiwe chumba cha kulala chenye choo chake. Mzee akawapigia mafundi simu juzi ileile.

"Tutakuwa wote kila siku, mwanangu," akasema. "Utanihadithia."

Nimewahi kunyang'anywa vitu kwa chuki. Mteja nilinyang'anywa na msusi wa mtaa wa pili, kiwanja cha baba nilinyang'anywa na ndugu zake. Lakini saluni kunyang'anywa kwa sababu mtu amenipenda, hiyo sikuwahi kuisikia hata kwangu chini ya draya, ambako tumesikia mengi. Na atakaposhushiwa mizigo na kukaa kwenye kile chumba cha mbele, hao watu wanaopita na kucheka atawatoa wapi? Walikuwa wanakuja kusuka. Nani ataingia chumbani kwa kikongwe kuuliza bei ya rasta?

Nikamwambia hivyo, kwa maneno mazuri kidogo kuliko haya. Baridi akaitikia kwa kichwa. Kwake hiyo ni hotuba.

Mjomba akasema amelifikiria. Saluni haifi, inahama. Kuna chumba cha ubavuni chenye mlango wake wa kutokea uchochoroni, dirisha kubwa, bomba karibu. Kitanifaa.

Chumba hicho ni cha mama mkwe. Analala humo tangu alipozikwa mumewe.

"Yeye atahamia chumba cha nyuma, kwa bintiye," mjomba akasema. "Na utamwambia wewe."

"Mimi?"

"Mimi ni kaka yake, nikisema atalia. Huyu ni mwanawe, hasemi. Wewe ulimi unao, nimeusikia. Ukimwambia akakubali, chumba ni chako na hakuna wa kukugusa, nitatamka mbele ya ukoo. Usipomwambia, vioo vibaki na kuku."

Baridi akatumwa chumbani kuleta simu yangu. Safari hii alikimbia. Alinikabidhi bila kunitazama. Ilikuwa imejaa simu ambazo hazikupokelewa, nyingi za Vidole, na nyingine zote za mama mkwe, moja juu ya nyingine.

Wote wakakaa kunizunguka, mjomba mbele, mkewe ubavuni. Hata yule mwanamke wa miwani alikuwa ameinuka kwa kiwiko. Nikapiga.

Iliita kidogo tu.

"Ni wewe?" Alikuwa akihema. "Afadhali. Nimekupigia mpaka kidole kimekufa ganzi, ulikuwa wapi? Sikiliza, mkwe wangu."

Mkwe wangu. Tangu niolewe ananiita "huyu".

Nikajaribu kuanza. Nikasema mama, kuna jambo. Akasema jambo analijua. Mafundi amewafukuza. Wametoboa ukuta kiasi cha paka kupita, basi, nyundo yao anayo yeye mapajani. Ametandika shuka kwenye kiti changu cha kuoshea nywele na hapo ndipo amelala, na hapo ndipo wifi yangu anamletea chakula. Vioo amevirudisha ndani kwa mikono yake.

"Kaka yangu anataka kumleta mkewe akae chumba cha mbele," akasema. "Yule mwanamke. Mimi na yeye tulikula pamoja mwaka mmoja, nikaapa sitaonana naye tena mpaka mmoja wetu awe amefunikwa. Bora wewe na kelele zako. Maji yangu chota, draya zako washa, sitasema tena. Kaka yangu hata sijui alipo, simu zangu hapokei. Lakini akija atanikuta hapa mlangoni, na nataka unisimamie ubavuni. Niambie sasa hivi: tuko pamoja, au hatuko?"

Simu nimeibana sikioni mpaka hereni inanichoma. Mama Mtandio ananipapasa mkono, ananitia moyo, amejua mambo yanakwenda vizuri kwa sababu nimenyamaza.

Mimi, Mama Redio, nimenyamaza.

Mjomba akainama mbele. "Anasemaje?"

Na kule upande wa pili mama mkwe akaacha kuhema.

"Hiyo sauti," akasema, "ni ya nani?"